Nilivyojifunza Kuvua kwa Mshipi Ufukweni Tanga

Katika miezi miwili ya mwanzo baada ya kuhamia Tanga kikazi, nilikwenda Raskazone kila Jumamosi saa moja asubuhi, nikarusha mshipi mpaka jua likawa kali, na mara nyingi nikarudi nyumbani bila samaki hata mmoja. Nilidhani kasoro ni chambo, nikaacha kamba na kutumia ngisi. Kisha nikadhani ni ndoana, nikanunua ndogo zaidi. Hali haikubadilika.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyevua tangu utotoni, ndiye aliyeniokoa. Nilipompa shikamoo asubuhi moja nikiwa na mshipi mkononi, aliitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama. Sikuweza kumjibu. Alinikalisha barazani akanifundisha jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kununua kifaa chochote, nalo ni kwamba mvuvi wa ufukweni hufuata maji, si saa ya ukutani.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na hapa Tanga tofauti ya kina hupita mita 3. Katika siku hizo maji hujaa kabisa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, yanayosogea kidogo tu, na mpangilio hugeuka: maji hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Kati ya vipindi hivyo, wakati wa maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Nilipolinganisha maelezo hayo na Jumamosi zangu, nilielewa kwamba mara nyingi nilikuwa nikirusha mshipi wakati maji yanakimbia kuelekea kilindini, huku mwamba ulio mbele yangu ukibaki mkavu. Samaki wa pwani huja na maji yanayojaa, kwa sababu hapo ndipo wanapoweza kufikia kaa na wadudu waliojificha kwenye miamba. Tangu siku hiyo ninafika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa na kuondoka muda mfupi baada ya kuanza kupwa.

Vifaa vyangu ni vichache: mshipi wa nailoni uliozungushwa kwenye chupa ya plastiki, ndoana ndogo na chubwi, yaani kizito cha kuzamisha mshipi. Nilichokosea mwanzoni ni kufunga chubwi juu ya ndoana, hivyo ndoana ikalala chini na kunasa kwenye mawe. Sasa ninafunga chubwi mwishoni kabisa, na ndoana ninaitundika kwenye ugwe mfupi kiasi cha shibiri moja juu yake. Mahali penye mawe mengi ninatumia nati chakavu badala ya chubwi, nikiifunga kwa uzi dhaifu, ili ikinasa ukatike uzi huo peke yake na mshipi urudi salama, pengine pamoja na samaki.

Siku ya kwanza ya kufuata maji nilipata samaki watatu: changu wawili na tasi mmoja. Huyo tasi alinifunza kwa uchungu, kwani nilimshika kwa mkono mtupu na miiba yake, ambayo ina sumu, ikanichoma kidoleni. Mzee aliniambia nikiloweke kidole katika maji ya moto kadiri ninavyoweza kuvumilia bila kuungua, na maumivu yakapungua, kwa kuwa joto huharibu sumu ya namna hiyo. Siku hizi ninamshika tasi kwa kitambaa kinene, na hongwe, samaki mwingine mwenye miiba ya sumu, vilevile. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, ninamrudisha baharini, kwani sumu yake huua na haiondoki kwa kupikwa.

Kuna jambo jingine ambalo ninamsisitizia kila anayeniomba tufuatane: asisimame juu ya mwamba kabla ya kujua atarudi kwa njia gani. Maji ya bamvua hujaza mabonde yaliyo nyuma ya mvuvi wakati macho yake yako mbele, na mwamba uliokuwa umeungana na ufuko huwa kisiwa ghafla. Ninachagua alama moja nchi kavu, kwa kawaida jiwe dogo, na maji yakiligusa ninakunja mshipi hata kama samaki wanakula.

Msimu wa kusi bado unanitaabisha. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo huwa mkali na mawimbi husukuma mshipi pembeni, kwa hiyo ninavua ndani ya ghuba tu, mahali palipokingwa, nikitumia chubwi zito zaidi na kurusha karibu.