Siku moja ya mhasibu Kariakoo, ritani ikikaribia

Saa 12 asubuhi napanda mwendokasi Kimara, nashuka Gerezani. Ofisi yetu ni chumba kimoja ghorofani. Bosi wangu ni mshauri wa kodi aliyesajiliwa. Wengi niliosoma nao bado wanasubiri benki au kampuni kubwa za ukaguzi. Mimi nahudumia maduka, na naipenda kazi hii.

Saa 2. Leo tarehe 18, na mwisho wa kupeleka ritani, yaani taarifa ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ya mwezi uliopita ni tarehe 20. Simu hazipoi.

Saa 4, kwa mzee anayeuza vitenge kwa jumla. Ananikabidhi bahasha ya kaki iliyotuna risiti za EFD, mashine ya risiti za kodi. Nazipitia moja moja: ya tarehe gani, ina TIN (namba ya mlipakodi) na VRN (namba ya usajili wa VAT) ya duka? Moja ya mzigo mkubwa haina jina la mnunuzi.

"Si nimelipa, mwanangu?"

"Umelipa, mzee wangu, ila bila jina lako, VAT ya mzigo huu hatuwezi kuidai."

Anakaa kimya, anaitazama tena. Namwita kijana wake wa stoo: taja TIN kabla muuzaji hajatoa risiti, na utoe kopi siku hiyohiyo, maana maandishi ya karatasi hizi hufifia. Maelekezo haya yanamwokolea mzee pesa nyingi kuliko ripoti yoyote nzuri nitakayomwandikia baadaye.

Saa 7, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 8, mishahara ya karakana moja. Wafanyakazi wamefika 10, kwa hiyo sasa mwenyewe ataanza kulipa SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, pamoja na PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, kabla ya tarehe 7 kupita. Namweleza mapema ajipange.

Saa 10 dogo aliye field kwetu ananiuliza, "Kaka, nikimaliza niombe wapi?" Namtajia SACCOS, shule binafsi, hospitali, viwanda vinavyohitaji mtu wa gharama za uzalishaji, miradi ya wafadhili, halmashauri kupitia Sekretarieti ya Ajira. Ushauri wangu: aanzie panapomwachia vitabu vyote, kuanzia risiti hadi hesabu za mwisho wa mwaka. Mwaka mzima wa kugonga mihuri kaunta haumfundishi hayo.

Saa 2 usiku nasoma CPA, ngazi ya mhasibu aliyeidhinishwa. Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ni Mei na Novemba. Nalenga Novemba, kwa sababu baadhi ya wateja wangu wameshakua kiasi cha kuhitaji hesabu zilizokaguliwa.