Kibao cha kupimia waya, na jinsi soketi za amplifaya yangu zilivyopona

Ushauri kuhusu nyaya za kuingiza sauti, uliotaka kuniulia amplifaya, ni huu: "Tafuta waya mzito, unaobana, wenye pini za dhahabu. Hizo nyepesi waachie wenye ving'amuzi." Nimeusikia Kariakoo, nimeusikia kwa fundi wa mtaani kwetu Kigamboni, nimeusikia hata kwa shemeji yangu ambaye chombo chake pekee cha muziki ni sabufa ya kuchomeka flashi. Wote wanausema kwa uhakika ule ule. Na mimi leo nina mziki unaopiga pande zote mbili bila kukwaruza, kwa nyaya nyepesi zisizobana, kwa hiyo niacheni niringe kidogo.

Amplifaya yenyewe ni mtumba kutoka Ujerumani, ya stereo, ya zamani kiasi lakini nzima. Ukiigeuza nyuma unakuta safu ya soketi za RCA, hizi tunazoziita za AV, nyeupe na nyekundu. Kwa kuangalia tu utadhani zimekazwa kwa nati kwenye bati la nyuma. Wapi! Bati lina matundu tu. Soketi zimeshikwa na vijiguu vyembamba vilivyochomewa lihamu kwenye bodi ndani. Kila ukisukuma pini, ukiivuta au ukiipinda, nguvu yote inaishia kwenye ile lihamu. Ikipata ufa ambao hata kuuona unahitaji tochi na miwani, upande mmoja unakatika. Unagusa waya, sauti inarudi. Unaachia, inakwenda. Hapo ndipo utaambiwa amplifaya imekufa, ununue nyingine.

Waya niliouziwa kwanza, kwa bei ya kuumiza, ulikuwa mnene na pini zake zilikuwa za kukaza kwa kuzungusha. Muuzaji akanipigia na mfano wa kuning'iniza redio nzima kwa waya huo, kuonyesha unavyoshika. Ulishika kweli. Siku niliyotaka kuuchomoa ulitoka na pete ya nje ya soketi ya kushoto, imekaa ndani ya pini vizuri kabisa, inang'aa. Fundi alibadilisha soketi, akarudia lihamu za safu nzima, nikamwachia elfu kumi na kitu. Halafu naye akanipa hekima yake: chukua waya wa kawaida, pete yake ikilegea ibane kwa koleo. Nilimkatalia pale pale. Pete ya mviringo ukiibana kwa koleo inakuwa yai. Inagusa sehemu mbili tu, kwingine hewa, na hapo inapogusa inakwangua soketi. Mwezi ukipita imelegea tena, unabana tena, mpaka ipasuke.

Kusema kweli pini hizi hazikuumbwa kwa purukushani tunazozipa. RCA ni Radio Corporation of America, na pini zake zilianza kutumika miaka ya 1930 kuunganisha mashine ya santuri na redio, vyote ndani ya kabati moja. Kiwandani wanachomeka, kabati linafungwa, basi. Leo tunachomeka na kuchomoa kila mgeni akija na simu yake. Halafu zina kasoro ya kuzaliwa: mguu wa kati, ule unaobeba sauti, unafika kabla ya pete ya nje, ambayo ndiyo ethi, yaani njia ya ardhi. Ukichomeka huku amplifaya inawaka unapata ule mvumo wa kutisha, na twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, ikiondoka usiulize imeondokaje. Zima kwanza. Najua unajua, lakini shemeji yangu naye anajua.

Sasa kibao. Hiki ndicho ninachojivunia kuliko hata amplifaya.

Tatizo la kununua nyaya hizi ni kwamba dukani huwezi kujua zinakaaje. Kila kiwanda kinapima kivyake. Pini moja inaingia kama uzi kwenye sindano ya gunia, nyingine mpaka uisukume kwa tumbo. Muuzaji anakwambia "zote saizi moja, mzee", na ukifika nyumbani hakuna kurudisha. Amplifaya siwezi kuibeba kwenye pantoni kila nikivuka kwenda Kariakoo. Nilikuwa na deki mbovu ya DVD stoo. Nikaifungua, nikang'oa lile tofali la plastiki lenye soketi za AV. Nyingi zina tundu la skrubu katikati, kwa hiyo nililifunga kwenye kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja. Kabla ya kukiamini nilichukua nyaya zote za nyumbani nikazijaribu kwenye amplifaya na kwenye kibao. Uliolegea huku ulilegea na kule. Basi, kibao mfukoni, huyo naenda mjini.

Kijana wa duka la kwanza alidhani nauza. Wa pili akaita wenzake. Nikawaomba waniletee kila waya wa AV walio nao, wa bei ya chini mpaka wa bei ya kutembea nao na askari. Nachomeka, kisha nainua waya juu kibao kikining'inia. Kikidondoka, waya huo haufai. Kikining'inia, nakamata mwili wa pini kwa vidole viwili, nazungusha kidogo huku navuta. Ikitoka kwa upole, hiyo nataka. Ikibidi nishike kibao kwa mkono mwingine na kukunja uso, naiweka pembeni na wale wa dhahabu. Mwisho naitikisa kushoto kulia: pini nzuri haichezi kwenye soketi hata kama haibani.

Zilizofaulu zilikuwa na jambo moja la kufanana. Pete yake ya nje imepasuliwa mistari, ikawa na vijipande vinavyojitanua kama springi. Pete nzima isiyopasuliwa ni bahati nasibu, ama inalegea ama inang'ang'ania. Kibao kilinionyesha na jambo ambalo sikulifikiria kabisa: unene wa mwili wa pini. Zile nene, ukichomeka nyeupe na nyekundu jirani, zinasukumana vifua. Kila moja inaipindisha soketi ya mwenzake, usiku na mchana, hata kama hakuna anayezigusa. Nilichukua zenye mwili mwembamba, urefu wa mita moja, elfu nane au tisa hivi, na kipimio changu cha umeme (multimita) kikalia sehemu zote mbili, katikati na kwenye pete. Hiyo usiiruke. Kuna nyaya mpya kabisa ambazo ethi yake haijaunganishwa na kitu.

Urefu nao ni mtego. Watu wananunua mita tatu "ili itoshe", kisha zile mbili zinaning'inia nyuma ya kabati zikivuta soketi chini. Mimi hata huo wa mita moja nimeufunga kwa kamba ya katani kwenye ubao wa rafu, nikaacha kisehemu kilegee kabla ya kufika kwenye soketi. Mke wangu aliuliza kama amplifaya inafugwa.

Na kwa hao wageni wa simu nimeweka kiunganishi cha waya, pini upande mmoja na soketi upande mwingine. Kimechomekwa nyuma ya amplifaya moja kwa moja na hakitoki. Anayetaka kuchomeka simu anachomeka kwenye mwisho wake, mbele ya rafu. Kikichakaa natupa, ni elfu chache. Soketi ya amplifaya haijui hata kama kuna wageni.

Dhahabu siikatai kabisa. Huku kwetu upepo wa bahari unakula kila chuma, na pini ya kawaida inaota ule ukungu wa kijani mapema. Dhahabu haishiki kutu, ila waliyopaka ni nyembamba mno, ukikwangua kwa soketi inayobana imekwisha. Mimi nafuta kwa kijiti cha masikio na spiriti kila nikikumbuka, basi.

Upande wa spika hadithi ni fupi. Vishikio vyangu vya nyuma ni vile vya kufungua kwa vidole, na kwenye tundu la katikati kuna kizibo kidogo cha plastiki, chekundu na cheusi. Watu wanadhani ni pambo. Kiliwekwa kwa sababu mguu wa plagi ya Ulaya, ile ya viguu viwili vya duara, una unene wa milimita 4, sawasawa na tundu la pini ya banana, ile inayofungwa mwisho wa waya wa spika. Mtoto angeweza kuchomeka waya wa spika ukutani au plagi ya umeme kwenye spika. Soketi zetu za matundu ya mstatili hazikuumbwa kwa plagi hiyo, kwa hiyo nilivitoa: skrubu nyembamba ya mbao, zungusha mara mbili tatu kwenye plastiki, vuta. Kikitoka, banana inaingia mpaka mwisho, na hakuna tena vinyuzi vya shaba vinavyotoroka kugusa jirani na kuunguza amplifaya.

Waya wenyewe wa spika nilikwangua kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapiga, siwezi kusema haipigi, lakini inakatika ukiikunja mara kadhaa na haifai kuuzwa kwa bei ya shaba. Muuzaji alinuna. Nilichukua shaba ya milimita 1.5 za mraba, mita tano kila spika, inatosha kabisa kwa sebule yangu.

Kibao shemeji amekiazima. Anataka kubadilisha waya wa sabufa.