Siku moja na begi la jezi

Saa 11 alfajiri nishaamka, Igoma huku Mwanza. Jezi nilizofua jana usiku bado zina unyevu kwa hiyo nazianika mbele ya feni. Watu wakisikia mimi ni meneja wa timu ya kikapu ya wanawake wanadhani nakaa benchi napiga picha. Mimi ndo nafua, nashika leseni za wachezaji, nampigia mama wa mchezaji simu kumuombea ruhusa.

Saa 2 mpaka saa 7 nipo nauza vitenge vyangu sokoni Makoroboi, biashara ya kawaida tu.

Saa 8 uwanjani. Wawili wanagombania namba 22 sababu ndo namba ya A'ja Wilson, nyota wa kikapu wa Las Vegas Aces huko Marekani, nampa aliyewahi kulipa mchango.

Mechi saa 9. Saa 9 kasoro mvua ikashuka kutoka ziwani, na kiwanja chetu ni cha wazi, cha saruji, kikilowa ni kama umekimwagia sabuni, binti anaumia goti msimu umeisha. Ikakatika saa 9 na nusu. Dekio moja, matambara, na kanga yangu nikaitoa, tukainama wote tunakausha tunakamua tunakausha, mgongo unawaka, ndo timu ya wanaume wakafika na mpira wao saizi 7, ile kubwa ya wanaume, wanarusha kwenye goli letu. Kiongozi wao ananiambia, "Dada, mechi yenu si ihamie kesho, sisi tuna mashabiki." Wakati hata tambara hajashika! Nikamwambia kaka yangu, ratiba inasema wanawake kwanza, na kiwanja hiki tumekikausha sisi. Akaenda kwa kamisaa, akarudi, akaenda tena. Nikasimama katikati na mpira wetu wa wanawake saizi 6 mkononi, sikutoka.

Haya mambo si ya huku tu. WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake Marekani, imeanza 1997, lakini ligi nzima kupewa ndege za kukodi msimu mzima ni 2024. Miaka yote hiyo mabingwa wa dunia wanapanga foleni na abiria wengine. Ndo maana sikubali "kesho".

Tukaanza saa 10 na nusu hivi, robo ya nne giza linaingia, tukashinda kwa pointi 3. Nililia jamani.

Sijui saa ngapi nimefika home. Jezi ziko kwenye beseni, namba 22 imechanika kwapani, natafuta uzi wa bluu, Jumamosi tunacheza tena.