Siku moja maishani mwangu: fundi bunduki na vidude vinavyoruka

Saa 2 asubuhi. Naanza na meza. Nafuta, natandika kitambaa cheupe kisicho na nyuzi za kunasa springi, napanga treya zenye ukingo mrefu na sumaku chini. Risasi haziingii chumba hiki kabisa. Kila bunduki inayofika mezani natoa magazini, navuta nyuma bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani, natazama chemba, yaani tundu inamokaa risasi, kisha naingiza kidole kuhakikisha. Hata kama mwenyewe ameikagua mbele ya macho yangu, narudia. Halafu miwani. Wengi huivaa wakati wa kusaga chuma tu, ilhali pini iliyosukumwa na springi huelekea usoni, kwa kuwa uso ndio ulioinamia kazi.

Saa 3. Mauser ya muundo wa 1898, ya kuwindia. Hizi nazipenda. Ndani ya bolti mna springi moja kubwa yenye nguvu, na ukishajua inakaa wapi haikushtui: unasimamisha ncha ya pini ya kugongea juu ya ubao, unakandamiza kwa uzito wa mwili, unageuza kipande cha nyuma robo mzunguko, unaachia polepole. Vipande ni vichache na vikubwa. Kutu kidogo, brashi, mafuta, basi.

Saa 4. Sasa AR-15, bunduki inayojipakia risasi yenyewe, na hapa ndipo mtu anapojifunza subira. Mwenye nayo anaruhusiwa kuifungua nusu kwa nusu, atoe kibebeo cha bolti, asafishe, arudishe. Shida huanza akitaka kuing'oa pini ya mbele inayounganisha nusu hizo mbili. Nyuma yake imejificha pini nyingine fupi, haifiki hata sentimita 1, na springi inaisukuma muda wote. Pini kubwa ikitoka, ile ndogo nayo imetoka, na haiagi.

Kijana ninayemfundisha alikuwa ameishika pini kubwa barabara.

"Fundi, si nimeishika?"

"Umeshika pini. Springi umeishika?"

Akanyamaza. Tukaiingiza bunduki, mikono yetu na panchi, kile chuma chembamba cha kusukumia pini, ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu, tukafanyia kazi humo. Pini kubwa ina kitundu. Ukiivuta na kuizungusha hadi kitundu kikae juu ya ile ndogo, unapitisha panchi nyembamba, unaibana springi, unazungusha pini kubwa ipite, kisha unaachia panchi taratibu. Ikiponyoka imeponyokea mfukoni. Wapo mafundi wanaoona mfuko ni wa wanagenzi. Nawaacha na magoti yao sakafuni.

Kwa pini zile za bati lililoviringwa, zenye uwazi katikati, natumia panchi yenye kichunusi kwenye ncha. Panchi ya kawaida huzikunja mdomo, na ukishazikunja ni za kutupa.

Saa 6. Kimeruka. Si kile cha mfukoni. Ni kijipini cha kitasa cha usalama cha bunduki ya pili, kijana alipokuwa akifungua mshikio. Silika yake ilikuwa kuinuka na kurudisha kiti nyuma. Nikamwambia atulie pale pale, asisogeze hata mguu.

Kutafuta kuna mpangilio wake. Kwanza jiulize springi ilikuwa imeelekea wapi, maana kitu hutoka kwa kufuata mhimili wake, kisha hudunda. Pili, jikague mwenyewe: mapaja, mkunjo wa aproni, kiatu. Tatu, zima taa ya juu, laza tochi sakafuni ili mwanga upite chini chini. Kidude cha milimita chache kitatoa kivuli kirefu. Sumaku huja mwisho, nayo hainasi alumini wala shaba. Kilikuwa kwenye mkunjo wa aproni.

Saa 7. Mapumziko. Nanawa hadi viwikoni kwanza; masizi ya baruti yana madini ya risasi, hayafai tumboni.

Saa 8. Anaingia mzee na bunduki yake, AR-15 vilevile. Analalamika kwamba maganda hubaki ndani ya chemba badala ya kutoka. Aliisafisha mwenyewe, kila kitu kikarudi, hakuna kilichosalia mezani.

Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Kidude kilichoruka unajua kimepotea, utakitafuta au utaagiza kingine. Kinachonitisha ni kile kilichoondoka kimyakimya. Nikatoa kucha inayovuta ganda. Springi yake ipo, safi kabisa. Lakini ndani ya springi hiyo hukaa kipande cha mpira kinachoiongezea nguvu, kidogo kuliko punje ya mahindi, na hakikuwapo.

"Mzee, kulikuwa na kitu cheusi humu?"

"Ule uchafu? Niliufuta na kitambaa."

Hakuwa na kosa kubwa, kwa kweli kinafanana na uchafu. Na hiki kilimfanyia hisani, kwa sababu bunduki ililalamika. Nikamwonyesha pini nene inayoizungusha bolti ijifunge: bunduki huunganishika bila hiyo, na huweza kufyatua risasi bolti ikiwa haijajifunga. Ikitokea hivyo hupasuka mikononi mwa mpigaji. Alikitazama kile kipande muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Saa 10. Kurudisha. Kila bunduki ina treya yake na vipande vimelala kwa mfuatano vilivyotoka, kwa hiyo kurudisha ni kusoma treya kinyume. Siruhusu treya mbili wazi mezani kwa wakati mmoja, hasa zinapokuja bunduki mbili za Lee-Enfield. Vichwa vya bolti za muundo wake wa Namba 4 vimetengenezwa kwa saizi kuanzia 0 hadi 3 ili kurekebisha nafasi kati ya bolti na kitako cha risasi. Vinafunguka kwa mkono. Ukivibadilisha kati ya bunduki mbili zote zitafungika vizuri, na unaweza kuwa umeziharibu zote mbili. Kisha majaribio bila risasi: usalama, kifyatulio, bolti.

Saa 11. Bunduki kabatini, kufuli mbili. Napitisha sumaku sakafuni na leo imenasa springi moja ambayo si ya bunduki yoyote iliyofunguliwa hapa leo. Kijana akataka kuiweka kwenye kisanduku cha vipuri, huenda ikafaa siku moja. Nikaikunja kwa koleo mbele yake, nikaitupa.