Terminalia yangu ya rangi mbili: leo nimekata

Leo nimekata. Nimezunguka na mkasi wa kupogolea karibu wiki mbili nikiogopa, asubuhi hii mvua ilipoacha nikapanda kwenye stuli nikalitoa lile tawi la kijani lote mpaka linapoanzia. Shangazi hajanisemesha tangu hapo.

Naongelea terminalia ya rangi mbili. Ile ya kijani hata usipojua jina lake unaijua, ule mti wa matawi ya ghorofa ghorofa kama miavuli imepangwa juu ya miavuli, umejaa kwenye kompaundi za shule na mahoteli huku Jinja na Kampala. Asili yake Madagaska. Ni ndugu yake mkungu wa pwani, ila majani yake ni madogo sana, yamejikusanya kwenye ncha za vitawi. Yangu ndiyo hiyo hiyo lakini kila jani lina ukingo wa rangi ya maziwa, na machanga yanatoka na wekundu kidogo, yaani jioni ukiwa getini utasema umechanua maua.

Niliununua Aprili mwaka jana kitalu cha kando ya barabara, mche wa kunifika kifuani, mzee akaanza 60,000 tukamalizana 35,000. Nikaubeba kwa boda nimeukumbatia, upepo ukapukutisha nusu ya majani kabla hatujafika Bugembe. Shimo nilichimba futi mbili kwa mbili maana kwetu ukishuka kidogo tu unakuta marramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, nikatia udongo mweusi magunia mawili na debe moja la samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri.

Halafu nikafanya ujinga. Kavera, ule mfuko wa plastiki wa mche, sikuitoa, niliitoboa toboa tu chini nikasema mizizi itajitafutia njia. Mvua zote zile zikapita mti umesimama vile vile, hata jani moja jipya hakuna. Julai nikafukua, nikakuta mizizi imejizungusha ndani ya kavera kama kamba kwenye ndoo. Nikaichana kavera, nikakata ile mizizi iliyojisokota, nikafukia tena nikaomba Mungu. Mwezi haukuisha vichipukizi vikaanza. Kwa hiyo kavera toa, hata kama aliyekuuzia anakuambia haina shida.

Januari na Februari sitaki hata kukumbuka. Jua la saa saba linachoma ule ukingo mweupe unakuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa motoni, ile sehemu ya kijani katikati iko salama. Nilikuwa namwagia jerikeni moja ya lita 20 kila siku ya tatu, asubuhi. Na nyasi kavu nilizotandaza chini kutunza unyevu nilizisogeza mpaka zikagusa shina, mchwa wakaja kwa furaha. Majivu hayakuwatisha. Kilichosaidia ni kuzivuta zile nyasi shibiri nzima mbali na shina, na kubomoa vinjia vyao vya udongo kila nikiviona.

Sasa hili la kijani. Mti wenyewe umebebeshwa, yaani chini ni shina la terminalia ya kawaida, juu ndiyo ya rangi mbili. Vichipukizi vya chini ya kovu, pale ilipounganishwa miti miwili, nilikuwa navibandua kwa kidole bila hata kufikiri, hivyo ni vya mti mwingine. Lakini mvua za mwaka huu likatoka tawi juu ya kovu, katikati kabisa, kijani tupu. Na lilikuwa zuri jamani! Matawi mengine yameongeza shibiri, hili limefika mita. Sababu inaeleweka, pale penye weupe hapapiki chakula, kwa hiyo tawi la rangi mbili linafanya kazi na nusu jiko, la kijani lina jiko zima. Ukiliacha linawapita wenzake, linawatia kivuli, baada ya miaka michache una terminalia ya kijani kama ya kila mtu na ile elfu 35 umeitupa.

Nikamweleza shangazi hivyo. "Mtoto wa kaka yangu, unakata mkono mzima unaacha wenye ugonjwa?" Na si yeye peke yake, jirani alishawahi kuniletea dawa ya kupulizia nyanya akidhani majani yameingiwa na kitu. Shangazi kwa upande wake hajakosea, huo weupe kweli ni umaskini wa mti. Ila ndio nilioununua.

Mvua za Septemba nataka kujaribu kufunga tawi nipate mche wa pili, kwa sababu mbegu hazibebi hii rangi, utaota kijani. Unamenya gamba kuzunguka tawi upana wa vidole viwili, unafunika na udongo mweusi ulioloweshwa, unafunga na kavera mpaka uone mizizi. Nimeshachagua tawi, la upande wa jikoni, lenye majani meupe ya wastani. Yale yaliyozidi weupe nimeyaacha, hayo hata kujilisha yenyewe ni shida.

Nimetoka sasa hivi kumwaga maji ya vyombo nikakuta lile tawi nililolikata limechomekwa nyuma ya jiko, limezungushiwa miiba ya kuzuia mbuzi. Sijauliza. Nimelimwagia jerikeni nusu.