Jinsi mpwa wangu alivyoyaweza mapengo ya Kiswahili

Aliyefanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Kenya, hahitaji kuelezwa kifungu cha mapengo ni nini. Karatasi ya Kiswahili Lugha ilikuwa na maswali 50, na 15 ya kwanza yalikuwa hayo: habari fupi iliyong'olewa maneno, na kwa kila pengo majibu manne, A hadi D, uchague lifaalo zaidi. Mtoto wa dada yangu alikuwa katika kundi la mwisho, lile la 2023, kabla mtihani wenyewe haujaagwa. Mwaka huo aliletwa kwangu Nairobi, na dada akaniambia waziwazi: ufahamu anauweza, sarufi anajikaza, lakini mapengo yanamzika.

Mimi si mwalimu. Nauza mitumba katika soko la Gikomba. Kiswahili changu nimekitoa Mombasa, nilikosomea shule ya msingi, na hicho ndicho dada alichokuwa akikitegemea.

Siku za kwanza nilimwacha afanye peke yake huku nikimtazama. Macho yake yalikuwa yakiruka moja kwa moja hadi kwenye majibu manne. Kifungu chenyewe alikuwa akikisoma vipandevipande, maneno matatu kabla ya pengo, basi. Halafu alikuwa anachagua neno linalosikika zito. Penye "fauka ya" alichagua "fauka ya", penye "minghairi" alichagua "minghairi". Nilipomuuliza sababu akanijibu, "Anti, hicho ndicho Kiswahili kigumu. Mtihani unataka kigumu." Kwa kweli hakuwa mbali sana na watunga mitihani wengine ninaowajua kwa karatasi zao, lakini kwa njia hiyo alikuwa akipata nusu, na nusu yenyewe ya kubahatisha.

Kwa hiyo nilianza kwa kumfunikia majibu. Nilichukua kadibodi ya boksi la viatu, nikaiweka juu ya ile sehemu ya A, B, C, D, nikamwambia asome kifungu chote kwa sauti hadi nukta ya mwisho, na kila akifika penye pengo aseme neno lake mwenyewe. Neno lolote, hata la Sheng. "Mwizi alipomwona askari ____ mbio." Akasema, "Alihepa." Vizuri, maana unayo. Sasa fungua. Ndani kuna alitimua, alifukuza, alihama, alitorosha. Ndugu yake "alihepa" ni nani hapo, na ni yupi anayekubali kukaa na "mbio"? Alihama mbio hakuna anayesema. Alifukuza anahitaji mtu wa kufukuzwa, alitorosha vilevile. Akabaki mmoja. Baada ya wiki chache hakuhitaji kadibodi. Alikuwa anafunika kwa kiganja.

Tatizo kubwa lilikuwa ngeli, yale makundi ya nomino. Kitabuni unaambiwa upatanisho ndio msaada wa kwanza wa mtu anayejaza pengo, na ni kweli: sentensi ya Kiswahili inakutajia nomino hata kabla hujaiona. "____ lile limepasuka" haiwezi kuwa kikombe wala sufuria. Lakini msaada huo ni wa mtu ambaye sikio lake linausikia. Mtoto aliyekulia bara, anayesema "kitabu yangu imepotea" na "viatu hii imechanika" na wenzake wote wakamwelewa, kwake "lile limepasuka" na "ile imepasuka" ni kitu kimoja. Kumkaririsha A-WA, KI-VI, LI-YA hakukusaidia. Aliweza kunitajia ngeli zote kwa mpangilio kisha akageuka akaniambia "mlango imefungwa".

Dawa ilipatikana kibandani. Jumamosi alikuwa akija kunisaidia kupanga nguo, nami nikaweka sharti: siku ya kazi sitaji jina la nguo. Nitasema tu, "Nipe lile la bluu," na yeye aangalie rundo lote ajue kwamba sitaki suruali wala blauzi, nataka shati au koti. "Leta kile kilichobanduka soli." Kiatu. "Ule mweusi uko wapi?" Mkanda, au mkoba, na hapo ana haki ya kuuliza ni upi. Mwanzoni alikuwa akiniletea chochote cha rangi niliyotaja, na jirani yangu wa kibanda akawa anakufa kwa kicheko. Baadaye jirani huyo naye akaingia mchezoni, wakawa wanatumana kwa "vile" na "zile" mchana kutwa. Nilijua mambo yameiva siku mteja aliposema "hii shati" na mtoto akakunja uso kama aliyetafuna mchanga. (Nilimkanya. Mteja hasahihishwi ngeli.)

Kutoka hapo tukaanza kuzitumia ngeli upande wa pili pia, kutambua maana ya neno lenye maana mbili. Alikutana na sentensi: "Mbuzi ilikuwa butu, hivyo kukuna nazi kukachukua muda mrefu." Akashangaa mbuzi butu ni mbuzi gani. Nikamwambia aangalie kitenzi. Ingekuwa mnyama tungesema "alikuwa". Hiyo "ilikuwa" inakuambia ni chombo, na nazi inakuambia ni chombo cha kazi gani. Nikamtolea yangu, kile kibao chenye meno ya chuma ya kukunia nazi, maana Nairobi watoto wengi wanaijua nazi ya pakiti tu. Ndege alitua, ndege ilitua: hilo alilipata bila mimi.

Kifungu kilichotufundisha zaidi ni kimoja nilichomtungia mwenyewe jioni moja:

"Mvua ilikuwa imenyesha tangu usiku. Daraja la miti __1__ na maji. Wanafunzi hawakuwa na mwavuli hata mmoja, __2__ makoti ya mvua. Walisimama ukingoni __3__, wamelowa chapachapa, wasijue la kufanya."

Kwa pengo la kwanza nilimpa ilisombwa, lilisomba, lilisombwa, yalisombwa. Akachagua ilisombwa kwa sababu "miti" ndiyo iliyokuwa karibu na pengo. Huo ni mtego wanaoupenda sana watunga mitihani: kati ya nomino yenye kitenzi na kitenzi chenyewe wanapachika nomino nyingine. Aliyesombwa ni nani? Daraja. Basi ni li-. Na baada ya pengo kuna "na maji", kwa hiyo daraja halikusomba, lilisombwa. Nikampa penseli, na tangu hapo akawa anapiga mstari chini ya mwenye kitenzi kabla hajagusa majibu.

Pengo la pili lilizua ubishi. Majibu: sembuse, bali, ilhali, maadamu. Alitetea bali, na utetezi wake ulikuwa mzuri: hawakuwa na mwavuli, walikuwa na makoti, nilimfundisha mimi mwenyewe kwamba bali hufuata kanusho. Ukisimama kwenye sentensi hiyo pekee, huwezi kumkatalia kwa nguvu. Nikamwambia asome inayofuata. Wamelowa chapachapa. Watu wenye makoti ya mvua hawalowi hivyo. Hivyo makoti hawakuwa nayo pia, na sasa "hata mmoja" inaanza kusema: kama kitu kidogo kimewashinda, kikubwa je? Sembuse. Ufunguo wa pengo la pili ulikuwa umelala baada ya pengo la tatu. Nadhani hapo ndipo alipoacha kusoma vipandevipande, kwa maana aliniangalia kama mtu aliyeibiwa.

La tatu alilijaza kwa neno lake, "wameshangaa", akafungua majibu akakuta "wameduwaa", akacheka.

Lakini si kila pengo linafunguka kwa kusoma vizuri, na hili nilimwambia mapema ili asijitese. "Alizaliwa ____, lakini leo ana nyumba ya ghorofa." Hiyo "lakini" inakuambia kwamba alizaliwa maskini, hakuna ubishi. Majibu ni mkwasi, mkata, mkwezi na mlanguzi. Mlanguzi alimjua kwenye taarifa ya habari. Mkwezi alimtoa kwenye kukwea. Mkwasi na mkata wakabaki wakimtazama, mmoja tajiri, mmoja fukara, na sentensi haiwezi kukuambia yupi ni yupi. Hapo unajua au hujui. Vivyo hivyo tanakali: kulala ni fofofo, giza ni totoro, kujaa ni pomoni, na huwezi kuvumbua hayo kwa akili. Nomino za makundi nazo, thurea ya nyota, tita la kuni, bumba la nyuki. Kwa hayo tuliweka daftari, akawa anaandika maneno yanayokwenda pamoja, mawili mawili, na alikuwa analisoma ndani ya matatu akienda shule. Kwenye karatasi utaratibu ukawa kuanza na mapengo yanayofunguka, kisha kurudi kwa yale ya kujua, kwa sababu mara nyingine ukishajaza mengine, habari nzima inakuwa wazi zaidi.

Niseme pia kuhusu zile karatasi za majaribio zinazouzwa mitaani. Nyingine ni nzuri. Nyingine zinakupa "aidha" na "isitoshe" katika pengo moja, zote zinaingia bila kugusana, halafu majibu ya nyuma yanasema ni moja tu iliyo sahihi. Tulipofika hapo nilikuwa nampa alama kwa jibu lolote kati ya hayo mawili, mradi aniambie kwa nini. Sikuona sababu ya kumfanya mtoto atilie shaka sikio ambalo tulikuwa tumelijenga kwa jasho.

Kufikia muhula wa tatu alikuwa akikosa mawili matatu kati ya 15, na aliyokosa yalikuwa karibu yote ya daftari.

Sasa yuko sekondari, na huko amekutana na mapengo ya Kiingereza, yale ya karatasi ya kwanza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Kumi tu, lakini hayana A wala D. Neno unalileta mwenyewe. Alinipigia simu akilalamika kwamba Kiingereza hakina ngeli za kumtonya. Nikamuuliza kama bado anasoma hadi nukta ya mwisho kabla ya kuandika. Akakaa kimya kidogo, halafu akaniambia kwamba katika lile zoezi kulikuwa na "neither" mwanzoni mwa sentensi, na kwamba "nor" ameiona mwenyewe kabla mwalimu hajaisema.