Vienna, kwa nyayo za Graham Greene

Mwandishi wa riwaya Graham Greene alizaliwa Berkhamsted, Uingereza, mwaka 1904, baba yake mwalimu. Lakini mimi niliamua kumfuata Vienna, na nikaenda wakati wa baridi kwa makusudi, maana naye alifika huko Februari 1948, mji ungali magofu ya Vita Kuu ya Pili, umegawanywa kati ya Wamarekani, Warusi, Waingereza na Wafaransa. Mtayarishaji Alexander Korda alimtuma atafute hadithi ya filamu. Alichokuwa nacho ni wazo moja tu aliloliandika zamani juu ya bahasha: mtu aliyezikwa wiki iliyopita anaonekana akipita mtaani London.

Nilianzia Hoteli Sacher, alikofikia, nyuma ya jumba la opera. Kutoka hapo hadi Josefsplatz si mbali. Huko kuna lango la Palais Pallavicini, lenye sanamu za wanawake wa mawe, ambalo katika The Third Man, filamu iliyotokana na safari ile, ndilo la nyumba ya Harry Lime, yule anayedhaniwa amekufa. Watu wanapita tu na mifuko yao.

Karibu na Karlsplatz tuligawiwa kofia ngumu, tukashuka ngazi za mzunguko hadi kwenye mifereji ya maji taka. Kuta za matofali zinatiririka unyevu, na maji yananguruma hadi mwongozaji analazimika kupaza sauti. Hapa ndipo nilipomwelewa Greene. Afisa kijana wa ujasusi wa Kiingereza ndiye aliyemsimulia habari za polisi wanaolinda mifereji hii, na za magendo ya penisilini iliyochakachuliwa, dawa iliyokuwa ikiua wagonjwa. Lile wazo la bahasha likapata mwili. Hata hivyo hakuanza na mswada wa filamu. Aliandika kwanza hadithi nzima, mswada ukatoka humo. Natamani waandishi wetu wa filamu, wanaosukumwa wamalize skripti kwa wiki moja, walijue hili.

Kwenda kwanza, kuandika baadaye: hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Freetown, alikokuwa jasusi wakati wa vita, ilimpa The Heart of the Matter. Mwaka 1953 alikuja Kenya kuripoti vita vya Mau Mau. Mwaka 1959 alikaa na wagonjwa wa ukoma huko Yonda, Kongo, na riwaya ya A Burnt-Out Case ikazaliwa.

Mchana nilipanda gurudumu kubwa la bustani ya burudani ya Prater, la mwaka 1897, karibu mita 65 kwenda juu. Humo Harry anamuuliza rafiki yake kama kweli angesikitika iwapo kidoa kimoja kule chini kingeacha kutembea milele. Nilitazama chini kwa makini. Mama alikuwa akimfunga mwanawe skafu. Hata kwa urefu ule, ni watu.

Jioni nikaingia Burg Kino, ambako filamu hiyo bado inaonyeshwa. Greene alitaka mwishoni Anna, mpenzi wa Harry, na yule rafiki watoke makaburini pamoja. Mwongozaji wa filamu, Carol Reed, akakataa: Anna anakuja kutoka mbali, anampita bila kumtazama, anakwenda zake. Nje ya sinema wenzangu wawili walibishana juu ya mwisho huo hadi kituo cha tramu. Mimi niko upande wa Reed, na Greene mwenyewe alikuja kuandika kwamba Reed ndiye aliyekuwa sahihi.